Waliopita Kati ya Vipande vya Ndama

Kesi yenyewe iko katika Yeremia sura ya 34, na ukiisoma kwa macho ya karani wa mahakama utaona jalada karibu limekamilika. Washtakiwa wametajwa kwa vyeo vyao. Mkataba upo, na mahali ulipofungwa panajulikana. Inaelezwa jinsi ulivyotimizwa, kisha jinsi ulivyovunjwa. Hukumu imesomwa. Kinachokosekana ni majina ya walalamikaji tu, na hao nitawarudia.

Sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi nimeketi chini ya meza ya hakimu wa mahakama ya mwanzo, nikiandika kumbukumbu na kuwaapisha mashahidi, Wakristo kwa Biblia, Waislamu kwa Kurani. Tangu nistaafu naongoza kipindi cha Biblia katika jumuiya yetu, ambako hata vijana ambao hawakuniona kazini wananiita Mama Karani. Tulipofika kwenye somo la agano na hukumu ya Mungu, niliona wengi wetu tumezoeshwa agano la aina moja. Redioni na kwenye mikutano ya injili, agano siku hizi ni kitu cha kuvunjwa: maagano ya ukoo, maagano ya mizimu, bibi fulani aliyefukia kitu chini ya mwembe na sasa wajukuu hawaolewi. Watu wanakopa nauli kwenda kuvunjiwa. Sitaki kubishana na mwenye mzigo wake. Ila Yeremia anapotuonyesha Mungu akiuhukumu mji kwa kosa la kuvunja agano, hatupeleki kwenye mwembe wowote. Anatupeleka kwenye nyumba za wenye nafasi mjini, waliowaahidi watumishi wao uhuru, wakaapa, wakawaachia, halafu wakageuka.

Mji ni Yerusalemu, mwaka ni 588 KK au karibu na hapo. Mfalme ni Sedekia, mtu ambaye hakutazamiwa kutawala. Mwaka 597 KK Nebukadreza wa Babeli aliuteka mji, akamchukua mateka mfalme kijana Yehoyakini, akamweka huyu baba yake mdogo kwenye kiti, akiwa na umri wa miaka 21. Habari hii si ya Biblia peke yake. Wababeli wenyewe waliiandika kwenye kibao cha udongo kilichohifadhiwa leo katika jumba la makumbusho mjini London: mji ulitekwa siku ya pili ya mwezi wa Adari, na mfalme wa Babeli akasimika pale mfalme aliyempenda mwenyewe. Sedekia alimwapia utii bwana wake huyo, na aliapa kwa jina la Mungu wa Israeli. Miaka ikapita, akaanza kuitazama Misri kwa jicho la matumaini, akaasi. Mwaka wa tisa wa utawala wake, jeshi la Babeli likaja kupiga kambi kuuzunguka mji.

Yeremia 34 inasema wakati huo miji yenye ngome iliyokuwa bado imesimama katika Yuda, mbali na Yerusalemu, ilikuwa miwili tu, Lakishi na Azeka. Mwaka 1935 wachimbaji wa mambo ya kale walikuta kwenye lango la Lakishi vigae vilivyoandikwa kwa wino, barua za askari wa siku zile zile. Katika moja, mwandishi anamweleza mkubwa wake kwamba wanaangalia ishara za moto za Lakishi, maana za Azeka hawazioni. Nimeshika barua nyingi za vielelezo mikononi mwangu, lakini sijui moja iliyonigusa kama kile kigae nilichokiona kwenye picha tu. Huyo mtu alikuwa anahesabu ni taa ngapi bado zinawaka.

Ndani ya hofu hiyo Sedekia akafanya jambo jema. Alipatana na watu wa Yerusalemu kwamba kila mtu mwenye mtumwa Mwebrania, mwanamume au mwanamke, amwache huru.

Haikuwa sheria mpya. Kutoka sura ya 21 ilikuwa imeshasema Mwebrania aliyenunuliwa atumike miaka sita, wa saba aende zake bila kulipa kitu. Kumbukumbu la Torati sura ya 15 inaongeza kwamba asiondoke mikono mitupu. Apewe kondoo, nafaka na divai, maana bwana wake naye alikuwa mtumwa Misri. Wengi wa watumwa hao hawakutekwa vitani. Walikuwa wadeni. Mavuno yalikataa, mtu akakopa, akashindwa kulipa, akamtoa binti yake au akajitoa mwenyewe. Miaka saba ikafika, kumi ikafika, hakuna aliyemwambia nenda. Yeremia anasema waziwazi kwamba baba zao hawakuisikiliza sheria hiyo.

Kwa nini wakumbuke sasa? Sura haisemi. Wako wanaofikiri kwamba mji ulihitaji watu huru wa kushika silaha ukutani. Wengine wanaona ni hesabu ya chakula: mashamba yalikuwa nje ya ukuta mikononi mwa adui, mtumwa hakuwa na kazi ya kufanya, lakini tumbo lake lilikuwa pale pale. Kumwacha huru wakati wa njaa ni kumwacha ajitafutie. Mimi nadhani yote mawili yalikuwamo, pamoja na woga wa kweli wa Mungu, kwa sababu woga wa watu hauji ukiwa umechambuliwa. Na liangalieni hili: pamoja na nia hizo zilizochanganyika, Mungu analikubali tendo lao. Katika sura hiyo anasema walikuwa wamegeuka na kutenda lililo sawa machoni pake. Hakuuliza wamelitenda kwa sababu gani.

Agano lilifungwa hekaluni. Walimchukua ndama, wakamkata vipande viwili, wakaviweka vikielekeana, kisha wakapita katikati: wakuu wa Yuda, wakuu wa Yerusalemu, matowashi wa jumba la mfalme, makuhani, na watu wote wa nchi.

Hapo jumuiya yetu ilinyamaza kidogo, kisha kijana mmoja akauliza, sasa ndama wa nini, si wangetia sahihi tu? Swali zuri. Majirani wa Israeli wametuachia jibu likiwa limechongwa kwenye mawe. Huko Sefire, karibu na Aleppo nchini Siria, yalipatikana mawe ya karne ya nane KK yenye mkataba wa Matieli, mfalme wa Arpadi. Unasema kama ndama huyu anavyokatwa, ndivyo Matieli atakavyokatwa akivunja maneno haya. Mfalme wa Ashuru wa karne hiyo hiyo alimfunga mtu wa jina hilo hilo kwa mwanakondoo, na mkataba ukaeleza wazi kwamba kichwa kile si cha mwanakondoo, ni cha Matieli, na cha wanawe, na cha wakuu wake. Anayepita kati ya vipande anajihukumu kabla ya kosa. Babu zetu waliochanjiana damu, katika sehemu nyingi za bara, walilijua jambo hili vizuri: wakati wawili wanakula udugu, mtu wa tatu alikuwa anataja mabaya yatakayompata atakayemsaliti mwenzake.

Kwa hiyo laana katika agano ilikuwa kifungu cha mkataba, kimesomwa mbele ya pande zote. Kumbukumbu la Torati sura ya 28 ina aya 14 za baraka na aya 54 za laana. Watu huona ni Mungu mwenye hasira asiyechoka kusema. Lakini ukiisoma pamoja na mkataba wa Esar-hadoni wa Ashuru, wa mwaka 672 KK, uliochimbuliwa Nimrud mwaka 1955, utajua kwamba mikataba mikubwa ya zama zile ndivyo ilivyoandikwa, laana zikijaza safu baada ya safu. Hata mbingu kuwa kama shaba na ardhi kuwa kama chuma zimo kote kuwili. Manase, mfalme wa Yuda, anatajwa katika maandishi ya Esar-hadoni miongoni mwa wafalme waliomtumikia, basi lugha hiyo haikuwa ngeni Yerusalemu. Mtu aliyemsikia Musa akisomwa alitambua mara moja hili ni jalada la aina gani.

Basi watumwa wakatoka. Na mara, kutoka kusini, Farao Hofra akaleta jeshi lake. Wababeli wakaondoa mahema wakaenda kumkabili. Malango yakafunguliwa. Mashamba yakaonekana tena, yanahitaji mikono.

Wakawarudisha. Wanaume kwa wanawake, wale wale waliokuwa wamewaacha huru, wakawatia tena utumwani.

Nimeshaona kitu hiki kwa macho yangu, kikiwa kidogo zaidi. Mtu mmoja wa mtaani kwetu aliugua sana, akawaita ndugu mbele ya mzee wa kanisa na balozi, akakiri kwamba kiwanja fulani ni cha dada yake, akaahidi kumrudishia hati. Alipona. Miezi michache baadaye dada alikuwa mbele ya dirisha langu akiuliza namna ya kufungua shauri, kwa sababu kaka alikuwa ameshapiga msingi pale. Alipoulizwa na wazee alisema, "Ule ulikuwa ugonjwa unasema." Jibu lile sijalisahau. Wakuu wa Yuda nao wangeweza kusema ulikuwa mzingiro unasema.

Hukumu ya Yeremia haizunguki. Ninyi, anawaambia kwa jina la Bwana, hamkumtangazia ndugu yenu uhuru. Basi mimi nawatangazia ninyi uhuru, mwachwe huru kwa upanga, kwa tauni na kwa njaa. Waliopita kati ya vipande watafanywa kama yule ndama, maiti zao chakula cha ndege na wanyama. Na jeshi lililoondoka litarudi.

Nataka msomaji alitazame hilo la mwisho. Hakuna moto kutoka mbinguni, wala ardhi kufunguka kinywa. Adui alikuwa yuko njiani, vumbi lake halijatulia. Mungu wa Yeremia anahukumu kwa kuacha kuzuia. Hofra alirudi kwao, Wababeli wakarudi ukutani, na kila mwenye akili za siasa mjini angeweza kueleza jambo zima bila kumtaja Mungu. Ndiyo maana wakuu hawakumwamini nabii: hukumu ilikuwa inafanana mno na habari za kila siku.

Wakuu hao walikuwa watu halisi, wenye mihuri. Wakati wa kipindi kile cha nafuu, Sedekia alimtuma Yehukali mwana wa Shelemia kwenda kumwomba Yeremia awaombee. Baadaye huyo Yehukali, pamoja na Gedalia mwana wa Pashuri na wenzao, walitaka nabii auawe, wakamshusha kwenye shimo la matope. Mwaka 2005 mwanaakiolojia Eilat Mazar alipata Yerusalemu donge dogo la udongo lenye chapa ya muhuri, kama lakiri, likiwa na jina la Yehukali mwana wa Shelemia. Mwaka 2008 likapatikana la Gedalia mwana wa Pashuri, hatua chache tu kutoka pale. Madonge hayo ni madogo kuliko ukucha wa kidole gumba. Karani anajua maana yake: hawa walikuwa na barua za kufunga na amri za kutoa. Sura ya 34 haitaji jina la mtu kati ya wakuu waliopita katikati ya ndama, lakini hawa walikuwa wakuu, na walikuwa mjini.

Mwaka wa kumi na moja wa Sedekia, mwezi wa nne, njaa ilikuwa imezidi, ukuta ukabomolewa. Mfalme alikimbia usiku kuelekea Yordani, akakamatwa katika nyanda za Yeriko, akapelekwa Ribla, katika nchi ya Hamathi, alikokuwa Nebukadreza. Huko wanawe walichinjwa mbele yake, kisha akatobolewa macho, akafungwa pingu za shaba. Mwezi wa tano Nebuzaradani, mkuu wa walinzi, akaliteketeza hekalu, lile lile alimokatiwa ndama. Wayahudi hufunga na kuomboleza hadi leo kila tarehe tisa ya mwezi wa Avu.

Ezekieli, aliyekuwa tayari uhamishoni Babeli, analo shtaka la pili juu ya mfalme huyo, na wengi hulipita bila kulisoma. Liko sura ya 17. Sedekia alikuwa amemwapia mpagani, mtu aliyeuteka mji wake na kuwachukua ndugu zake. Ungetegemea nabii amwambie kiapo cha kulazimishwa si kiapo. Badala yake Mungu anakiita kiapo kile kiapo changu, na agano lile agano langu. Jina lake lilitumika, basi amejiingiza kama mdhamini. Mahakamani tuliwaona wadhamini wakijificha siku ya kuitwa. Huyu anajitokeza mwenyewe na kudai.

Hilo si geni. Yoshua aliwaapia Wagibeoni, waliomdanganya kwa mikate yenye ukungu na viatu vilivyochakaa ili waonekane wametoka mbali. Alipogundua, kiapo kilibaki. Miaka mingi mbele Sauli akawaua, kwa bidii ya taifa, na njaa ya miaka mitatu ikaja zamani za Daudi. Ili kulimaliza jambo hilo, Wagibeoni walidai wanaume saba wa uzao wa Sauli, wakawatundika. Rispa, mama wa wawili kati yao, akatandika gunia juu ya mwamba, akakaa kuwafukuza ndege mchana na wanyama usiku, tangu mwanzo wa mavuno ya shayiri hadi mvua iliponyesha. Mimi hadithi hii huwa inanisumbua, na sitajifanya hainisumbui. Kumbukumbu la Torati sura ya 24 inakataza watoto kuuawa kwa kosa la baba. Ninachokiona katika maandishi ni kwamba Mungu hakutaja saba. Idadi hiyo ilitoka katika mazungumzo ya Daudi na Wagibeoni. Na neno kwamba Mungu aliridhika na nchi halikuandikwa baada ya kutundikwa. Limeandikwa baada ya Daudi kusikia habari za Rispa na kuizika mifupa kwa heshima.

Kwa hiyo tuwe waangalifu na hesabu ya kurudi nyuma, ile ya kuona msiba kisha kutafuta agano lililovunjwa. Rafiki za Ayubu waliifanya, wakakemewa. Yesu aliambiwa habari za watu waliouawa na Pilato, naye akaongeza wale 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, akasema hawakuwa wakosaji kuliko wengine. Mwenye kisukari hahitaji kuambiwa na mhubiri kwamba bibi yake alikula nini na mizimu. Yeremia hakuanza na msiba. Alianza na mkataba, akajua nani aliapa, kwa nani, na akafanya nini.

Mzee mmoja wa jumuiya yetu, mtu wa maneno machache, alitaka kujua kama Mungu mwenyewe amewahi kupita kati ya vipande. Amepita. Mwanzo sura ya 15, Abramu anapasua ndama, mbuzi na kondoo, anangoja, anafukuza ndege, halafu usingizi mzito unamshika. Na gizani kinapita kitu chenye moshi na mwenge wa moto, peke yake. Abramu hakupita. Wakristo tangu zamani wameliangalia fumbo hilo wakauona msalaba, na Yeremia mwenyewe, sura tatu tu kabla ya habari ya ndama wa Sedekia, anatangaza agano jipya litakaloandikwa moyoni. Mwenye haraka ya kufika huko asiwaruke watumwa.

Maana swali lililobaki ni lao. Mama mmoja aliuliza, na wale walioachwa huru wakarudishwa, hukumu ilipokuja iliwakuta wapi?

Yeremia 39 aya ya 10 inasema Nebuzaradani aliwahamisha watu, lakini akawaacha katika Yuda maskini wasiokuwa na kitu chochote, akawapa mashamba ya mizabibu na makonde wakati ule ule. Haisemi hawa ni watumwa wa sura ya 34. Lakini niambieni, katika mji ule, ni nani waliokuwa hawana kitu chochote? Sheria ilikuwa imewataka mabwana wawape nafaka na divai siku ya kuwaachia, na sura ya 34 haisemi kama waliwapa. Ofisa wa jeshi la kigeni ndiye aliyewapa shamba lenyewe. Ningekuwa nalijaza jalada lile, sehemu ya walalamikaji ningeandika hao, na kwenye safu ya fidia ningeandika mizabibu.

Sura ya 40 inaendelea kusema watu waliobaki walikusanyika Mispa chini ya liwali mpya, Gedalia mwana wa Ahikamu, ambaye aliwaapia kwamba wasiogope, wakae katika nchi. Walivuna divai na matunda ya kiangazi kwa wingi sana. Mwezi wa saba akaja Ishmaeli, mtu wa ukoo wa kifalme, na watu kumi. Walikaribishwa mezani, wakala mkate pamoja na Gedalia, kisha wakainuka wakamuua.